Kifungua Mlango

Mama Eveline hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Blandina kuliko yote. Angekuwa mbaya, walau angepatikana wa kumsema mpaka roho itulie. Alikuja Jumapili, watu wametoka misa ya kwanza, kitenge cha kwaya bado kiko kiunoni, akasimama mlangoni pa wapangaji wake hapo mtaa wa Soweto, Mbeya, na kukataa kiti.

"Mama Lugano, nyumba nimeuza," alisema. "Mwenyewe mpya anataka kujenga lojing. Mwisho wa mwezi huu kila mtu awe ametoka. Kodi yenu iliyobaki nitawarudishia, mimi siwezi kula jasho la mtu."

"Mama, sisi mwanzo wa mwezi ujao tuna wageni. Wa posa. Si tulikuja kukuambia?"

"Mlikuja. Na mimi nikamwambia aliyenunua. Kasema yeye amenunua nyumba, hakununua wageni."

Blandina aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake uji ulikuwa umeanza kushika chini ya sufuria na harufu yake aliisikia vizuri, lakini hakugeuka. Alisubiri mpaka mama wa watu amemaliza kuaga, kwa sababu heshima ni heshima hata kwa anayekutoa nje.

Posa ilikuwa ya Lugano, binti yake mkubwa, fundi cherehani katika soko la Mwanjelwa. Kijana aliitwa Edmund, kibarua aliyepanda mpaka akaajiriwa kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, mtoto wa Kihehe. Na mwiba ulikuwa hapo, maana Blandina naye ni wa huko huko. Alitoka Iringa msichana, akaolewa na Mnyakyusa, akaja zake Mbeya huku shangazi zake wakisema atazeekea kwenye chumba cha kupanga. Sasa watu wa kwao walikuwa wanakuja kuona amefikia wapi, na kwa mambo yalivyokaa wangemkuta na mabegi barabarani.

Redioni watu wenye sauti nzuri hupenda kuulizana kama mshahara wa mfanyakazi wa kawaida bado unaweza kununua nyumba ya familia. Mumewe, Asukile, alilisikia swali hilo akiwa kazini katika ghala la mbolea, gunia mgongoni, akacheka mpaka ikabidi atue mzigo. Kununua? Tangu azaliwe hajamwona mpakiaji aliyenunua nyumba. Amewaona waliojenga, na hao hawakujenga kwa mshahara. Mshahara ulikuwa na kazi zake, unga na ada na nauli, ukizimaliza unalala. Nyumba walijengea likizo, walijengea Jumamosi, walijengea migongo yao wenyewe.

Hivyo ndivyo yeye na Blandina walivyofika walipofika. Walikuwa na kiwanja juu ya Itezi, mahali ambapo mvua ikinyesha bodaboda hugoma chini ya mlima na kukuambia malizia kwa miguu. Wenzake Asukile wakipata likizo walikwenda kwao kunywa na kusalimia. Yeye alikwenda kwenye shimo la udongo kufyatua tofali. Blandina, ambaye ni mpishi wa shule ya sekondari, akitoka kusonga ugali wa watoto wa watu alipanda mlima akakanyage udongo kwa miguu yake. Tanuru waliichoma kwa pumba za mpunga kutoka Igawa, zilizoletwa na dereva wa lori ambaye Asukile alimpakilia mzigo bila kudai chochote. Kuta zikapanda, zikafika kwenye lenta ya juu ya madirisha, zikasimama. Masika mawili yakapita. Majani yakaota juu ya ukuta, na watoto wa jirani wakapafanya pa kuchezea kombolela.

Pesa waliyokuwa nayo sasa ilikuwa ya kikoba, akiba waliyoweka kikundini, na ilikuwa na njia mbili tu. Ingeweza kulipa kodi ya miezi sita ya nyumba nzuri yenye sebule, kwa kuwa siku hizi hakuna mwenye nyumba anayepokea ya mwezi mmoja. Au ingeweza kununua mbao na bati za kuezekea chumba kimoja cha lile pagale. Kufanya yote mawili haikuweza, hata uikunje vipi.

&nbsp;

"Tununue bati," alisema Asukile jioni ile. Blandina alishangaa, maana alijiandaa kwa ubishi. "Tununue bati tuhamie. Kodi ya miezi sita ni kumpa mtu mwingine tofali zetu. Ila wageni hatutawapeleka kule."

"Tutawapeleka wapi?"

Asukile alikuna shingo. "Isakwisa kanikubalia nyumba yake. Siku moja tu. Tunaingia asubuhi, tunawapokea, tunakula, wanaondoka."

Isakwisa alikuwa msimamizi wake ghalani, aliyejenga enzi saruji haijapanda na mkewe bado anafanya biashara ya mchele. Nyumba yake ilikuwa upande wa Uyole, ya vigae sakafuni, yenye geti.

"Tunawapokea kama wageni wa Isakwisa?"

"Kama wageni wetu. Wao wanajua nini? Hawajawahi kufika Mbeya hii."

"Baba Lugano."

"Mama Lugano, ni watu wa kwenu wale. Unataka wakirudi Iringa waseme nini?"

Kwa swali hilo alimshika pabaya. Blandina aliwaona shangazi zake mmoja mmoja, midomo imebenuliwa, wakipokezana habari ya pagale la Itezi kuanzia Kalenga mpaka Mafinga. Alijua kwamba anachoambiwa ni uongo, lakini ulikuwa uongo wenye sebule. Akasema sawa.

&nbsp;

Walikwenda kuikagua Jumamosi. Mke wa Isakwisa aliwapokea kwa moyo mweupe kabisa, akawatembeza nyumba nzima huku akiwapa masharti kwa upole, kama mtu anayekuachia mtoto wake mchanga.

"Kochi hili msiwakalishe watu wazito, dada, mguu wake umeungwa. Choo kikigoma mwaga ndoo moja. Na hii luninga wakiomba iwashwe, ni hiki kitufe cha pembeni, rimoti ilikufa."

"Nimeelewa," alisema Blandina. "Ahsante sana, wifi."

Ukutani, juu ya kochi, kulikuwa na picha kubwa ya harusi ya wenye nyumba. Isakwisa amevaa suti nyeusi, mwembamba wa kutisha. Mkewe amezama ndani ya shela. Asukile aliitazama, akakohoa.

"Hii nadhani tuitoe."

"Toa, toa," alisema Isakwisa akicheka. "Nani asijue kwamba yule si wewe."

Asukile akapanda kwenye kigoda, akaishusha ile picha taratibu kwa mikono miwili. Nyuma yake rangi ya ukuta ilibaki mpya, umbo lile lile la fremu, ikionekana toka mlangoni. Asukile akaiona.

"Sisi tuna picha ya kuziba hapa?" aliuliza.

Hawakuwa nayo. Picha yao ya harusi ilikuwa moja, ndogo, imewekwa kwenye bahasha ya vyeti vya ubatizo. Blandina alimtazama mumewe akiwa amesimama juu ya kigoda kwa vidole vya miguu, amekumbatia kifuani ndoa ya mtu mwingine, na jambo fulani ndani yake likakataa. Alimpenda sana saa ile, na alimwonea haya, na vyote viwili viliuma.

"Baba Lugano, shuka."

"Nini?"

"Shuka. Rudisha picha ya watu." Aligeuka kwa Isakwisa. "Shemeji, nisamehe, usione nakataa wema wako. Kwetu sisi mlango uliopokea mahari ndio mlango wa kurudia. Mtoto akizaa, wakwe wanakuja kutoa habari kwenye mlango huo. Akigombana na mumewe anakimbilia kwenye mlango huo, na wazee wanakuja kumfuata hapo hapo, siyo pengine. Sasa Lugano akifukuzwa na mtu kule Mgololo, akimbilie wapi? Kwako?"

"Akija nitampokea," alisema Isakwisa, na alimaanisha.

"Najua utampokea. Lakini utakuwa unampokea mgeni." Akageuza macho kwenye ile picha. "Wakubwa walisema cha kuazima hakisitiri matako."

Aliyecheka kwanza alikuwa mke wa Isakwisa. Alicheka mpaka akashika kochi, akakumbuka mguu wa kochi, akaliachia. Asukile hakucheka. Aliirudisha picha kwenye msumari wake, akainyoosha, akashuka.

Walipofika darajani Asukile alisimama.

"Unataka wanione kwenye pagale," alisema Asukile.

"Nataka wakuone," alisema Blandina. "Hilo tu."

&nbsp;

Walihamia Itezi kwa kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, safari mbili. Vitu vya maisha yote ya watu wawili vikionekana juani huwa vichache na vibaya kuliko ulivyovidhania ndani ya nyumba. Blandina alifunika godoro kwa kitenge ili majirani wapya wasione ramani zake. Asukile na fundi mmoja walipiga kenchi za paa siku mbili, siku ya tatu bati zikalala juu ya chumba cha kona, na familia ikawa na paa la chumba kimoja na mbingu kwa vyumba vilivyobaki. Madirisha yalizibwa kwa mbao za makreti. Mlango wa mbele haukuwepo. Palikuwa na nafasi yake tu, ndefu, ikitazama bonde lote la Uyole.

Lugano alikuja kutoka Mwanjelwa na vipande vya vitambaa vya wateja, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa kushona mapazia ya madirisha ambayo hayajawa madirisha. Baba yake alikuwa anasawazisha sakafu ya sebule kwa chepeo.

"Baba," alisema bila kuinua macho kwenye sindano, "mahari ikija, malizieni nyumba. Mimi sina neno. Na Edmund nimemwambia, naye hana neno."

Chepeo kikasimama.

"Ng'ombe wako ni wa kumuolea Peter," alisema Asukile. Peter ni mdogo wake Lugano, yuko kidato cha pili bweni. "Ndivyo kwetu. Dada anaolewa, kaka anaoa. Siwezi kuwapandisha ng'ombe wa Peter kwenye paa."

"Peter yuko shule, baba. Mvua iko hapo kwenye mlima."

"Mwanangu, hebu nisikilize. Nikiezeka kwa mahari yako, kila mvua itakayopiga kwenye bati nitasikia nimekuuza. Sitalala humu."

"Na ikivuja je?"

"Ikivuja ninavujiwa mimi."

Lugano alimtazama mama yake kutafuta msaada. Blandina alikuwa anachambua mchele, akatikisa kichwa kumwambia acha. Moyoni alimwita mumewe mkaidi, na hakukosea. Lakini alikuwa ameishi na ukaidi huo muda mrefu wa kutosha kujua kwamba ndio uliofyatua tofali zote zile. Bila mkaidi pale kungekuwa na majani tu.

&nbsp;

Siku ya wageni wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Loleza tangu asubuhi, likijifanya halina nia. Majirani wa Itezi, waliokuwa hawajamaliza hata kuwajua majina, walileta sufuria na masinia. Isakwisa alikuja na viti vyake vyote juu ya kirikuu, na lile kochi la mguu wa kuungwa pia, akasema yeye ndiye atakuwa msemaji wa upande wa binti na hataki kusikia maneno. Juu ya sebule isiyo na paa walifunga turubai la bluu. Shangazi yake Lugano, Esnath, dada wa Asukile, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili, alichukua kitenge kipya akakitandaza kwenye nafasi ya mlango. Upande mmoja alishika yeye, upande wa pili akashika jirani.

"Hawapiti hapa bila kutoa kifungua mlango," alisema. "Mlango ni mlango."

Blandina alisimama nyuma ya kitenge, mikono inanuka vitunguu. Aliwasikia wakija. Walikuwa wamepanda kwa miguu kuanzia chini, maana hata gari lao lilikuwa limeukataa mlima, na walihema. Walikuwa watatu: Vitus, msemaji wao, kijana aliyevaa tai; Juliana, shangazi wa Edmund, viatu mkononi; na mzee Kalinga, baba mkubwa wa Edmund, mrefu, koti lake la kanisani limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Kamwene," alisalimu mzee kwa Kihehe, na Blandina aliitikia "kamwene" kabla hajajizuia, kule nyuma ya kitenge. Mzee akatabasamu. Ndipo Vitus akatafuta mahali pa kubisha. Aliinua mkono, akakosa ubao, akagonga tofali kwa kifundo cha kidole. Tofali halikutoa sauti yoyote.

"Hodi wenyewe," ikabidi aseme.

"Mlango umefungwa," alijibu Esnath. "Dawa yake mnaijua."

Vitus aliingiza mkono mfukoni kutoa noti, lakini mzee Kalinga akamshika kiwiko.

"Ngoja kwanza," alisema.

Akakitazama kitenge. Akaitazama nafasi ya mlango kutoka juu mpaka chini, halafu kuta, halafu turubai. Alitazama bila haraka, na Blandina aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hapa sasa, alijiambia. Hapa ndipo ninaposemwa. Asukile, aliyekuwa amesimama kando yake, alikuwa ameukaza mdomo kama mtu anayesubiri sindano.

Mzee alifungua kinywa, na mvua ikamwahi.

Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote kwa pamoja, kama ilivyo desturi yake kule juu, ikajaa kwenye tumbo la turubai, turubai likainama, kamba moja ikakatika. Maji yakamwagika juu ya viti vya Isakwisa. Watu wakasahau kwao na kwa wenzao. Esnath alimfunika Juliana kwa kile kitenge na kumvuta ndani, Vitus akabeba sufuria la wali, Isakwisa akawa anasukuma kochi, na wote, wenyeji na wageni, wakajibana ndani ya kile chumba kimoja chenye bati. Mzee Kalinga alijikuta amekaa juu ya kitanda cha wenye nyumba, goti kwa goti na Asukile. Juliana alikaa upande wa pili akikamua gauni.

Hakuna aliyeweza kuzungumza. Bati bila dari mvua ikipiga ni mashine ya kusaga. Mtu ungemwona anafumbua mdomo tu. Walikaa hivyo wakitazamana. Blandina alimwona mzee akiinua macho kwenye kenchi, kisha akiweka kiganja ukutani na kuupapasa ule ukuta, tofali kwa tofali, polepole. Mvua ilipopungua kiasi cha mtu kusikika, aliuliza swali lake.

"Hizi tofali mmenunua wapi?"

"Hatukununua, baba," alisema Asukile. "Tulifyatua."

"Na nani?"

"Na huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Mkachoma wenyewe?"

"Wenyewe. Pumba tulitoa Igawa. Mimi ni mpakiaji, baba, mbolea. Mke wangu ni mpishi wa shule. Lililobaki unaliona."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, mkono bado uko ukutani.

"Mimi nimeanza kazi kwenye shamba la chai sijaota ndevu," alisema. "Nyumba wametupa, ya kazini. Nyumba nzuri, ina umeme, sina cha kulalamika. Watoto wangu wote wamezaliwa mle. Mwakani nastaafu, ile funguo narudisha ofisini. Mama yao ananiuliza tutakwenda wapi, mimi namwambia subiri. Kila nikipata shilingi nilisema nyumba ipo, kwanza hili, kwanza lile." Akaugonga ukuta kwa kiganja. "Nyumba yangu ina mlango mzuri, lakini mlango si wangu. Ninyi ukuta ni wenu, mlango hamna. Pale nje nilitaka niseme hivyo, mvua ikanikatiza. Nilitaka niulize, kati yangu na huyu bwana, nani ndiye amejenga maisha?"

Asukile aliinamisha kichwa. Mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu Mama Eveline aje na kitenge chake cha kwaya, yalilegea, na Blandina ilibidi ageukie ukuta ajifanye anatafuta sahani.

"Kaka, unawatia watu huzuni," alisema Juliana. "Sisi tumekuja kuoa."

Watu wakacheka, na kicheko kikamkumbusha Esnath kazi yake. Aliruka kusimama, kadiri nafasi ilivyoruhusu.

"Haya, ngojeni. Ninyi mmeingiaje humu?"

Vitus akaitazama tai yake iliyolowa. "Tumeingia na mvua, mama."

"Mmeingia bila kufungua. Kifungua mlango hamjatoa. Mmevunja mlango wa watu."

Likawa jambo. Kuingia kwa wakwe kabla hujafunguliwa ni kosa kwa Wanyakyusa na ni kosa kwa Wahehe, na hakuna aliye chumbani asiyelijua. Isakwisa alikohoa kwa sauti ya msemaji, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba upande wa binti umeudhika na unadai faini. Macho yalikuwa yanamcheka.

Mzee Kalinga aliinua mikono juu.

"Kosa tumelikubali. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumeingia kabla ya kufungua. Lakini noti hatutoi." Akamwambia Vitus atoe mkono mfukoni. "Mtu akivunja mlango, analipa mlango. Kwetu mbao zipo. Tutaleta."

Asukile alikuwa wa kwanza kuelewa, na alisimama. "Baba, hapana. Mimi sikuomba. Nyumba hii sitaki iwe ya msaada."

"Nani ametaja msaada?" alisema mzee. "Mimi nimetozwa faini."

"Faini haikataliwi, Asukile," alisema Isakwisa. "Ukiikataa faini umekataa na wakwe."

Asukile alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama mkewe. Blandina alikuwa analia na kucheka pamoja, uso wake umechafuka wote. Alijua kwamba yule mzee alikuwa amepekua desturi yote ya kikwao mpaka akapata ufa wa kupitishia wema bila kumgusa mtu kwenye jeraha. Watu wa namna hiyo bado wako, na ni vizuri tuseme wako.

"Ndaga fijo," alishukuru Asukile hatimaye, kwa Kinyakyusa, kwa sababu asante ya Kiswahili ilimkwama. Akakaa.

Mahari ilizungumzwa pale pale juu ya kitanda, ikakubaliwa, na ng'ombe wakawekwa kwa jina la Peter. Wali ulikuwa umeingia maji kidogo. Waliumaliza.

&nbsp;

Mlango ulifika wiki chache baadaye juu ya lori la mbao kutoka Mufindi, umefungwa kwa magunia kama mgonjwa. Vijana wanne waliupandisha mlima. Ulikuwa mzito, wa mbao nene iliyopigwa randa vizuri, pamoja na fremu yake na kitasa chenye funguo tatu zilizofungwa kwa kamba ya katani. Mshahara wa Asukile mwezi ule ulinunua saruji ya kushikia fremu na hapo ukawa umekwisha. Vyumba vingine vilikuwa bado vinanyeshewa. Aliyepita njiani aliona mlango wa mtu tajiri kwenye nyumba isiyo na kichwa, na watani hawakukosa. Asukile aliwaacha wacheke. Jioni akitoka kazini, vumbi la mbolea kwenye kope, aliufungua na kuufunga mara mbili ndipo aingie.

Lugano alitolewa nyumbani mwezi wa sita, kiangazi, jua la baridi limeenea bondeni. Sebule ilikuwa imeshapata bati, nyeusi kidogo pembeni kwa kuwa zilikuwa za mtumba. Akina mama walikuwa uani wakiimba, gari linasubiri chini ya mlima, Esnath amekwisha kutoa mawaidha yote anayoyajua. Blandina alimshika binti yake mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Mama, wanasubiri."

"Wasubiri." Alifungua fundo kwenye ncha ya kanga yake, akatoa ufunguo wa tatu. Wa kwanza ulikuwa wa Asukile, wa pili wake. "Huu wako."

Lugano aliutazama, hakuupokea. "Si mkosi? Bibi harusi kupewa ufunguo wa kwao?"

"Watu wakijua watasema nakuombea talaka. Ndiyo maana nimefunga." Akauweka kwenye kiganja chake na kuvikunja vidole vya binti yake juu ya ufunguo. "Edmund ni mtoto mzuri, sina shaka naye. Nenda ukakae. Lakini mlango huu wameuleta wao wenyewe, na yule mzee ni Mhehe, anajua mlango wa kwa mkwe ni wa nini. Mimi nilipoolewa sikuwa na pa kurudi, nikavumilia na mambo ambayo si ya kuvumilia. Baba yako alipobadilika akawa mtu, ilikuwa bahati yangu. Wewe sitaki uishi kwa bahati."

Lugano aliufunga ule ufunguo kwenye ncha ya kanga yake, mafundo mawili, akaisukuma ndani ya gauni. Mama yake akamfungulia, vigelegele vikamwingia usoni, akatoka.

Blandina alibaki nyuma ya mlango kujifuta macho. Mara akaona umefungwa tena, na akasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa kutoka nje: mara moja, kimya kidogo, halafu mara ya pili. Mlango ukafunguliwa. Lugano alikuwa amesimama kizingitini na shela lake, mafundo ya kanga ameyafungua, akina mama wamemzunguka hawaelewi anachofanya.

"Ufunguo unafungua, mama," alisema. Akauchomoa ufunguo, akashuka na watu wake.